Meno ya Bandia na Kanuni ya Wenzo

Bamba la akriliki lenye meno ya bandia halivunjiki ovyo. Likiwa la taya la juu, aghalabu hupasuka katikati, kuanzia kwenye mkato mdogo unaoachwa upande wa mbele ili kuupisha utepe wa nyama unaounganisha mdomo na ufizi. Likiwa limeegemezwa juu ya vipandikizi vya titani vilivyosimikwa ndani ya mfupa, mara nyingi hupasuka pale pale juu ya kipandikizi. Mwenye meno hayo, awe ametoka Mbagala au Tandale, akiulizwa alikuwa akitafuna nini lilipovunjika, huweza kujibu kwa mshangao kwamba alikuwa akila wali, au mkate uliochovywa katika chai. Wala hasemi uongo. Wali haukulivunja bamba. Ulilikuta limekwisha kuvunjika.

Hesabu yake ni rahisi. Ichukuliwe kwamba mtu hula milo mitatu kwa siku, kila mlo hutafunwa kwa dakika 15, na taya hufunga mara moja katika kila sekunde. Hapo bamba hupinda na kunyooka mara 2,700 kwa siku, na kwa mwaka mmoja karibu mara milioni moja. Kila pindo ni dogo, wala halihisiwi. Lakini kama katika bamba kuna mahali pamoja ambapo mkazo hukusanyika, basi hapo hufanyika ufa usioonekana, nao hurefuka kidogo kidogo mpaka sehemu iliyobaki haiwezi tena kustahimili hata tonge la wali. Wahandisi huuita mwenendo huo uchovu wa malighafi. Ndio uvunjao springi za malori na vyuma vya madaraja.

Mkasa wa namna hiyo huzaa fikra moja iliyoenea miongoni mwa wagonjwa, na ambayo haikosekani miongoni mwa baadhi ya waganga pia: kwamba meno yalivunjika kwa sababu malighafi yake ilikuwa duni, na kwamba tiba ni kununua kitu cha bei kubwa zaidi. Fikra hiyo ina ukweli kidogo na hasara kubwa. Malighafi ina kazi yake, lakini mbele ya malighafi kuna muundo: kani huingilia wapi, hupitia wapi, na mwishowe huishia katika eneo la ukubwa gani la mfupa na ufizi. Seremala wa Keko anajua kwamba kiti cha mninga kilichoungwa vibaya kitalegea kabla ya kiti cha paini kilichoungwa vizuri. Maarifa hayo ya Keko hayajaingia vya kutosha katika mazungumzo juu ya meno ya bandia, na kukosekana kwake huwagharimu wagonjwa fedha na mifupa ya mataya yao.

Jambo lenyewe si dogo katika jiji la Dar es Salaam. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa juu ya watu zaidi ya elfu moja wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, ulionyesha kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamepoteza angalau jino moja, na kuoza kwa meno ndiko kulikokuwa sababu kubwa. Ni kweli kwamba watu waliopoteza meno yote ni wachache nchini. Ugonjwa wa kawaida zaidi ni pengo, hasa pengo la magego, kwa kuwa mgonjwa afikapo kwa mganga jino limekwisha kuharibika mno, na dawa inayobaki ni kuling'oa. Waganga wa meno wamekuwa wakifundishwa Muhimbili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na vipandikizi hupatikana leo katika baadhi ya kliniki za jijini. Bei yake ni kubwa kwa mkazi wa kawaida wa Temeke au Kinondoni. Kwa sababu hiyo hasa, kosa la muundo ni kosa zito: aliyejinyima miaka kadhaa ili apate vipandikizi viwili hana akiba nyingine ya kununulia vya pili, na kipandikizi kinachoshindwa hakiondoki peke yake, bali huondoka na sehemu ya mfupa uliokizunguka.

Asili ya vipandikizi vya kisasa ni uchunguzi wa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Katika mwaka 1952, alipokuwa akichunguza damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vya titani, aliona kwamba vyombo hivyo vilikuwa vimeshikamana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa vipandikizi vya meno mwaka 1965. Katika mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walitoa kauli kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini, meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili yafaa kuwa chaguo la kwanza badala ya yale yanayolalia ufizi peke yake. Kauli hiyo ilitolewa kwa kutazama zaidi nchi zenye uwezo. Hata hivyo idadi iliyotajwa, yaani viwili tu, ina mafunzo ambayo yatarejewa baadaye.

Ili kuelewa mkazo unavyozaliwa, yapasa kwanza kulitambua jino la asili lilivyo. Jino halikugandishwa katika mfupa. Limetundikwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, katika nafasi yenye upana wa karibu milimita 0.2, mithili ya kitanda cha kamba. Likikandamizwa, huzama kwa kadiri ya sehemu 25 hadi 100 za elfu za milimita. Nyuzi hizo zina neva zinazoupasha ubongo habari, ndiyo maana mtu atafunaye mchele wenye kijiwe huacha kuuma mara moja. Kipandikizi hakina nyuzi wala neva hizo. Kimeshikamana na mfupa kama nguzo iliyosimikwa katika zege, nacho huzama kwa sehemu tatu hadi tano tu za elfu za milimita. Ufizi, kwa upande wake, hubonyea zaidi kuliko jino na kipandikizi. Kwa hiyo bamba la meno lililowekwa juu ya vipandikizi viwili mbele na ufizi mtupu nyuma limekaa juu ya misingi miwili isiyofanana, mmoja wa jiwe na mwingine wa godoro. Mwashi yeyote ajua kitakachotokea nyumba ikijengwa hivyo.

Sasa mkazo. Katika fizikia, mkazo ni kani igawanywayo kwa eneo inalolibeba. Kani ya nyutoni 100 ni karibu sawa na uzito wa ndoo ya maji ya lita 10, na si kani kubwa kwa gego. Mtu mzima mwenye meno yake yote aweza kuuma kwa nyutoni mia kadhaa. Ichukuliwe kwamba ndoo hiyo imewekwa wima juu ya kipandikizi chenye kipenyo cha milimita 4. Eneo la mkato wake ni milimita mraba 12.6, na mkazo ni nyutoni 8 kwa kila milimita mraba. Titani haisumbuki kwa kiasi hicho. Lakini ndoo hiyo hiyo ikivuta kwa upande, milimita 10 juu ya mahali kipandikizi kinapoingia katika mfupa, hesabu ni nyingine kabisa. Momenti yake ni nyutoni-milimita 1,000, na kwa nguzo ya mviringo isiyo na tundu mkazo mkubwa kabisa pembeni hufikia karibu nyutoni 160 kwa milimita mraba. Kani ni ile ile, metali ni ile ile, na mkazo umeongezeka mara ishirini kwa kubadili upande tu. Kipandikizi halisi kina tundu la skrubu ndani yake na mifereji ya hesi nje, kwa hiyo hali yake ni mbaya kuliko ya nguzo hiyo ya darasani.

Mwalimu wa hisabati aweza kuendelea kidogo na wanafunzi wake. Kipenyo kikiongezwa kutoka milimita 4 hadi 5, mkazo wa kani ya wima hupungua kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, kwa sababu eneo hufuata kipeo cha pili cha kipenyo. Mkazo wa kupinda hupungua karibu nusu nzima, kwa sababu wenyewe hufuata kipeo cha tatu. Na urefu ule wa milimita 10 ukipunguzwa kuwa 5, yaani meno yakikaribishwa na mfupa kwa kutumia kishikizi kifupi, mkazo wa kupinda hupungua nusu bila kununua metali yoyote mpya. Hapo ndipo penye siri ya vishikizi vifupi vinavyopendwa siku hizi na waganga wengi. Ubora wake hautokani na metali peke yake. Hutokana na ufupi wa wenzo.

Wenzo huo huo huonekana wazi zaidi katika yale meno yasiyotolewa mdomoni, ambayo hufungwa kwa skrubu juu ya vipandikizi kadhaa. Kwa kuwa nyuma ya taya la chini hupita neva kubwa, na juu nyuma kuna uwazi wa shavu, vipandikizi husimikwa mbele, nayo meno ya nyuma huachwa yaning'inie hewani, kama baraza la ghorofa lisilo na nguzo. Ichukuliwe kwamba umbali kati ya mstari wa vipandikizi vya mbele kabisa na mstari wa vile vya nyuma ni milimita 10, na kwamba sehemu inayoning'inia ina urefu wa milimita 15. Mgonjwa akiuma kwa nyutoni 100 kwenye ncha, vipandikizi vya nyuma havibebi 100, bali 250. Na vile vya mbele havibebi kitu, bali huvutwa kwenda juu kwa nyutoni 150. Ndiyo pembea ya watoto. Urefu wa kuning'inia ukipunguzwa kuwa milimita 10, nyuma hubeba 200 na mbele huvutwa kwa 100. Vivyo hivyo, vipandikizi vikitawanywa zaidi mpaka milimita 15 badala ya 10, bila kupunguza urefu wa kuning'inia, matokeo ni hayo hayo ya 200 na 100. Basi mganga aliye na kipandikizi kimoja cha ziada mkononi hana budi kujiuliza atakisimika wapi kabla ya kujiuliza kimetengenezwa na nani. Mvuvi wa Msasani afungaye matengo ya ngalawa hajui neno momenti, lakini hayafungi matengo yake karibu na chombo.

Kuhusu malighafi, lililo muhimu ni kutochanganya mambo mawili yanayofanana kwa jina tu: uimara na ukakamavu. Uimara ni kiasi cha mkazo ambacho kitu huweza kuchukua kabla ya kuvunjika. Ukakamavu ni kadiri kinavyokataa kupinda. Ukakamavu wa akriliki ni kiasi cha nyutoni 2,000 hadi 3,000 kwa milimita mraba. Wa mfupa mgumu wa nje ya taya, kati ya 10,000 na 20,000. Wa titani, karibu 110,000. Na wa mchanganyiko wa kobalti na kromi, pamoja na ule wa kauri ngumu ya zirkonia, 200,000 au zaidi. Tarakimu hizo zaeleza mengi. Titani ni kakamavu mara kadhaa kuliko mfupa, kwa hiyo pale kipandikizi kinapotokeza nje ya mfupa, mkazo hukusanyika shingoni. Karibu kila uchunguzi wa kompyuta umeonyesha hivyo, na shingoni ndipo mfupa hupungua pia. Kipimo kilichokubaliwa na wengi tangu mwaka 1986 ni kwamba baada ya mwaka wa kwanza mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka.

Akriliki, iliyotumika kwa mabamba ya meno tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, ni laini sana ikilinganishwa na jirani zake hao. Ni nyepesi, ni rahisi kuipaka rangi ya ufizi, na fundi aweza kuiunga ikivunjika. Haipaswi kudharauliwa. Lakini chini ya bamba lililowekwa juu ya vipandikizi hufichwa vichwa vya vishikizi pamoja na vikombe vyake, na kila kimoja hula sehemu ya unene wa akriliki. Bamba lenye unene wa milimita 3 likipunguzwa kuwa milimita 2 mahali pamoja, mkazo wa kupinda hapo huongezeka mara mbili na robo, nako kupinda kwenyewe huongezeka zaidi ya mara tatu. Kisha kuna jambo la ajabu kidogo. Mtu aliyekuwa na meno yanayoteleza juu ya ufizi alikuwa akiuma kwa woga. Akiwekewa vipandikizi, meno hutulia, naye huuma kwa nguvu zaidi. Yaani bamba limepunguzwa unene siku ile ile mzigo wake ulipoongezwa. Kufaulu kwa kipandikizi ndiko kunakovunja meno yaliyo juu yake.

Dawa yake si kuiacha akriliki, bali ni kuitendea kama zege linavyotendewa. Hakuna mwashi amwagaye zege la kizingiti bila nondo. Kiunzi chembamba cha kobalti na kromi kikifichwa ndani ya bamba, kikipita juu ya vishikizi na kuvuka katikati, bamba halipindi tena kwa urahisi. Na kwa kuwa halipindi, mzigo hugawanywa kwa ufizi wote na vipandikizi vyote badala ya kuelemea palipo karibu na tonge. Wapo wanaohofu kwamba ukakamavu huo utaupeleka mshtuko wote kwenye mfupa. Hofu hiyo ni ya zamani. Kwa miaka mingi ilidhaniwa vilevile kwamba meno ya kauri juu ya vipandikizi yangeuumiza mfupa, na kwamba meno ya akriliki yangefyonza mshtuko kama mpira. Lakini vipimo vilivyochukuliwa ndani ya vinywa vya wagonjwa havikuonyesha tofauti kubwa kama ilivyotazamiwa. Tonge lenyewe, kwa ulaini wake, limekwisha kufyonza sehemu kubwa ya mshtuko kabla jino halijakutana na jino.

Vishikizi ndivyo vinavyobishaniwa zaidi. Waganga wengine huviunganisha vipandikizi viwili kwa ufito wa metali, na bamba hubanwa juu ya ufito huo. Wengine huacha kila kipandikizi kisimame peke yake, chenye kichwa cha gololi, au kile kishikizi kifupi chenye pete ya nailoni, au sumaku. Machunguzi juu ya njia ipi huleta mkazo mdogo katika mfupa hayakubaliani, na hakuna ajabu. Katika mbinu ya kompyuta, taya hukatwakatwa kwa hesabu kuwa maelfu ya vipande vidogo, na mkazo wa kila kipande hukokotolewa. Lakini mchunguzi hulazimika kuamua mfupa wake una ukakamavu gani, umeshikamana na kipandikizi kwa kiasi gani, na kani itoke upande upi. Mara nyingi mfupa wa kompyuta huwa sawa kila mahali, umeshikamana bila pengo, na hutafunia kani moja iliyotulia. Hakuna taya la namna hiyo Tandika wala Stockholm. Picha zinazotolewa na kompyuta hizo, zenye rangi nyekundu penye mkazo na buluu palipo shwari, zinapendeza mno, na kupendeza huko ndiko kunakomfanya msomaji asahau kuuliza ni nini kilichodhaniwa kabla ya hesabu kuanza.

Linalokubalika bila ubishi mwingi ni hili: vipandikizi viwili vya mbele vikiunganishwa kwa mstari wa kuwaziwa, mstari huo huwa bawaba. Mgonjwa akitafuna kwa magego, nyuma ya bamba hushuka juu ya ufizi. Kishikizi kinachoruhusu mzunguko huo mdogo huuachia ufizi sehemu yake ya mzigo. Kishikizi kinachoukataa hugeuka kuwa ule wenzo uliokokotolewa hapo juu. Na mtu akilivuta ganda la muwa kwa meno ya mbele, au akiung'ata muhindi wa kuchoma, bawaba hugeuka upande wa pili, nyuma ya bamba huinuka, na vipandikizi huvutwa kwa upande, yaani katika ule upande wa mara ishirini. Ushauri wa kukata muwa vipande na kuutafuna kwa pembeni, ambao wagonjwa huuona kuwa ni porojo za waganga, ni fizikia tupu.

Mfupa wa nyuma ya taya, ambao hauna kipandikizi, huendelea kupungua mwaka hata mwaka. Bamba lililokuwa limekaa sawasawa huanza kuelea nyuma, na bawaba huzunguka zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Pete za nailoni hulegea. Mambo hayo hayazuiliki kwa malighafi yoyote; hurekebishwa kwa kuongeza akriliki chini ya bamba na kubadili pete. Hapa ndipo jiografia inapoingia katika uhandisi. Mkazi wa Chamazi au wa Bunju anayetakiwa kwenda katikati ya jiji kwa marekebisho hayo hupoteza siku nzima ya kazi na nauli, kwa hiyo huahirisha. Atakuja bamba litakapokuwa limevunjika, au kipandikizi kitakapokuwa kimelegea.

Kwa hiyo muundo ulio bora kwa mgonjwa huyo si ule uliotoa rangi ya buluu nyingi zaidi katika kompyuta ya chuo cha ng'ambo. Ni ule unaoweza kutengenezwa karibu na anakoishi, kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anavyo. Ufito wa metali uliovunjika hudai karakana ya kuyeyushia metali na fundi aliyebobea. Pete ya nailoni hubadilishwa kwa dakika chache. Ikiwa mkazo katika mfupa haukutofautiana sana kwa njia zote mbili, na mpaka sasa uchunguzi wa wagonjwa wa miaka mingi haujaonyesha kwamba vipandikizi vya njia moja hudumu kupita vya nyingine kwa tofauti kubwa, basi vishikizi vifupi vinavyosimama peke yake, viwili chini, pamoja na bamba lenye kiunzi ndani yake, vyastahili kutangulizwa mbele ya madaraja marefu yanayoning'inia. Taya la juu ni habari nyingine: mfupa wake ni mwepesi zaidi, na viwili havitoshi, aghalabu huhitaji vinne au zaidi. Asiyeweza kuvimudu ni heri avae bamba la kawaida lililotengenezwa vyema kuliko kupewa vipandikizi pungufu kwa kuonewa huruma.

Liko tatizo jingine ambalo halizungumzwi. Kila kiwanda cha vipandikizi duniani kina skrubu zake na bisibisi yake, na mara nyingi haziingiliani. Kliniki ikifungwa, au mganga akihama, mgonjwa hubaki na kitu mdomoni ambacho hakuna awezaye kukifungua. Yafaa kila anayewekewa kipandikizi apewe kadi iliyoandikwa jina la kiwanda, aina, kipenyo na urefu wake, kama vile mtoto apewavyo kadi ya kliniki. Yafaa pia wanaohusika na uagizaji wakubaliane juu ya aina chache ambazo vipuri vyake vitapatikana katika hospitali za rufaa za mikoa, kama za Temeke na Mwananyamala, na si katikati ya jiji pekee.

Mtu aweza kusema kwamba mazungumzo haya ni ya anasa, kwamba panapokosekana hata mswaki na dawa yenye floridi, kuzungumza juu ya titani ni kujenga ghorofa bila msingi. Ni kweli kwamba kinga yatangulia, na kila shilingi iliyotumika kuzuia jino lisioze ina faida kuliko ile iliyotumika kulibadili. Lakini kanuni zilizoelezwa hapa hazikuwekewa vipandikizi peke yake. Bamba dogo la akriliki lenye magego mawili, lililobanwa kwa waya kwenye jino la mwisho lililobaki, ndilo litumikalo sana katika vitongoji, nalo ni wenzo ule ule. Likiwa fupi mno nyuma, au likiwa limelegea juu ya ufizi, hulitingisha jino lililobanwa kila mara mtu anapotafuna, na baada ya muda jino hilo nalo hung'olewa. Hapo hakuna titani ya kulaumiwa wala ya kusifiwa. Bamba likifika nyuma kadiri taya linavyoruhusu, na likieneza mzigo kwa ufizi mpana, jino lile hunusurika. Gharama ya nyongeza ni kijiko kimoja cha akriliki na fundi aliyefundishwa sababu yake.

Shuleni, mada ya nyenzo hufundishwa kwa toroli, mkasi na kijaluba cha soda, nayo mada ya mkazo mara nyingi huachwa kwa wale watakaokwenda kusomea uhandisi. Lakini mkazo waweza kuonekana kwa macho bila maabara. Huhitajika kioo cha kompyuta cha aina ya LCD kinachoonyesha ukurasa mweupe, miwani ya jua ya aina inayochuja mwanga, na rula ya plastiki inayopitisha mwanga. Mwanafunzi akiishika rula mbele ya kioo na kuitazama kupitia miwani, huku akiizungusha miwani mpaka kioo kionekane cheusi, ataona rangi juu ya rula. Baadhi ya rangi hizo zilibaki tangu rula ilipomiminwa kiwandani. Akiipinda polepole, rangi nyingine zitatokea na kusogea, zikiwa nyingi juu na chini, na chache katikati ya unene wake. Kisha achonge kwa msumeno mkato mdogo pembeni mwa rula, mfano wa ule unaoachwa kwa ajili ya utepe wa mdomo, na aipinde tena. Mistari ya rangi itasongamana kuzunguka ncha ya mkato. Akichonga mkato wa pili wenye kina kile kile, lakini akaufanya mviringo na kuulainisha kwa msasa, ataona mistari imetawanyika. Rula ikizidi kupindwa, itakatikia kwenye mkato wa kwanza.